Mji Uliopangwa Mkekani

Simu ilinikuta Mikumi, mbele ya kibanda changu cha baiskeli, nimekaa naisikiliza barabara kuu. Kuiona siku hizi naiona kama mtu anayetazama kupitia maji yaliyooshewa mchele. Mtoto wa jicho ameshika macho yote mawili, na spoku iliyokatika naitafuta kwa vidole. Hata haya nayasema kwa mdomo, mwenye duka la kuchapa jirani yangu ndiye anayeyaandika. Sauti ya mwanamke ilisema, "Shikamoo babu." Nikaitikia, nikauliza ninaongea na nani. "Mimi Rehema, wa Kilosa. Mjukuu wa Bi Salima. Bibi alifariki mwezi uliopita, babu, namba yako tumeipata kwa kuulizia sana." Nilisema yale ambayo watu husema. Akangoja nimalize, akasema, "Arobaini ni Jumapili. Bibi aliacha neno kwamba uje utusomee daftari. Ule ukurasa wenye alama ya kidole, alipo bibi mkubwa Mwendi. Alisema wewe ndiye uliyemwandika." Lori lilipita likaniokoa kidogo. Lilipomalizika kupita nilisema nitakuja, kwa kuwa maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kusema ndiyo kwanza.

Mwaka ninaotaka kuusema ni ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, na hakuna aliyenifukuza. Niliondoka kwa kuwa kila gari lililopita lilinifanya nijiulize linakokwenda. Nilikuwa nimeshabeba chumvi, nimeshalinda mpunga Msowero, nimeshakata mkonge Kimamba hadi mikono ikawa kama gome, ndipo nikafika Kilosa mjini nikitafuta pa kulala. Nyuma ya stesheni, upande ambao mto Mkondoa ukifurika unafikia kizingitini, kulikuwa na nyumba ya mzee mmoja karani mstaafu wa mizigo ya reli, Mzee Nassoro. Alizaliwa kisiwani, katika mji mdogo wa bandari ambao jina lake sitalitaja, kwa kuwa wenyewe wapo na watoto wao wapo. Reli ndiyo iliyomleta bara kijana, ikamsahau hapo. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa kama haya yangu ya leo. Alikuwa anatafuta mtu mwenye mwandiko. Alinipa karatasi, akanitajia sentensi tatu, akaituma kwa imamu ikakaguliwe, na jibu liliporudi kwamba herufi zangu zimesimama vizuri, nikapewa chumba cha uani. Kodi yangu ilikuwa kuandika. Akanibatiza jina la Karani, na mtaa mzima ukalifuata.

Kazi aliifanya kwa namna ambayo sijaiona tena popote, na nimetembea. Katika chumba cha mbele alikuwa ametandika mkeka mpana, na juu ya mkeka alikuwa ameupanga mji wake wote. Uzi mweusi wa kushonea ulikuwa ufuo. Kibiriti kitupu kilikuwa forodha. Vikombe vya kahawa, vimefunikwa, vilikuwa misikiti, na kile chenye ufa kilikuwa msikiti wa Ijumaa. Kete za bao zilikuwa majumba, kila kete na jina la mwenye nyumba, na vifuniko vinne vya soda vilikuwa visima. Chumba kile hakikufagiliwa katikati. Kila siku baada ya swala ya alasiri Mzee alikaa, akanyoosha mkono, akagusa ufuo, akaanza kutembea kwa vidole. "Andika, Karani. Mtu akishuka forodhani, mkono wake wa kuume aona nyumba ya mawe ya ghorofa, milango yake miwili. Hapo alikaa liwali." Kidole kikasogea. "Andika. Kutoka hapo hadi msikitini, mtu hapigwi na jua, kwa jinsi nyumba zilivyokaribiana." Nami nikaandika, tumbo chini, daftari kubwa la jalada jeusi mbele yangu, joto la bati likinishukia mgongoni. Sikuwa nimeiona bahari. Baada ya miezi miwili ningeweza kutembea katika mji ule gizani nisijikwae.

Ilikuwa historia nzuri, na hilo ndilo linaloniuma. Alieleza jinsi mji ulivyokuwa kijiji cha wavuvi na ukapata bahati kwa sababu ya mlango wa maji yenye kina. Alieleza pembe za ndovu zilivyofika zimefungwa kwa magome, kauri za baharini zilivyofukiwa mchangani hadi wadudu waliomo waoze, boriti za mikoko zilivyopangwa kwa urefu kungoja wanunuzi wa ng'ambo. Akaeleza Wajerumani walivyoweka bendera, kisha wakahamishia ofisi bara, meli zikaanza kupita mbali zikielekea Dar es Salaam, na mchanga ukaujaza mlango wa maji taratibu hadi forodha ikawa mahali pa kuanikia nguo. Sehemu ya mji kufa aliitaja kwa sauti ileile ya sehemu ya mji kukua. Mara moja tu alisita, akauliza, "Umeandika nguo?" Nikasema nimeandika. "Futa. Andika, ikakaa tupu."

Jiko lilikuwa nyuma ya ukuta uliobaki wazi juu, kwa hiyo kila kilichosemwa chumbani kilisikika jikoni, na kila kilichosemwa jikoni kilitufikia pamoja na moshi. Humo alikaa mkewe, Bi Salima. Kwao ni Mamboya, milimani, ambako alizaliwa akaitwa Debora. Salima alipewa siku ya ndoa. Walikuwa wakitaniana kama watani wa ukoo, kutwa nzima, yeye akimwita mumewe Mla Samaki na mume akimwita Mshamba wa Mlimani. Nazi Kilosa zilikuwa za kubahatisha, hivyo wali alipika kwa karanga. Mzee alionja, akaupigia kelele ukuta: "Bibi, huu wali wa wagonjwa."

"Basi ugua, upone."

"Kwetu hata paka hali karanga."

"Kwenu hata hao paka wamehama, Mla Samaki. Wewe mwenyewe uko wapi?"

Nilicheka nikiwa kifudifudi juu ya daftari. Nilidhani kila wanachosema ni utani. Nimelifikiria kosa hilo kwa miaka mingi, na kama kuna la kunipunguzia ni kwamba wao wenyewe ndio walionifundisha kucheka.

Siku tuliyofika kwenye kisima cha pili, karibu na nyumba aliyozaliwa, Mzee alichangamka. Akasema kulikuwa na mwanamke mtu mzima pale kisimani, mtumwa wa nyumbani kwa babu yake, aliyebaki nyumbani humo hata baada ya utumwa kwisha kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Jina lake Marashi. "Hilo tulimpa sisi. Jina lake hatukulijua. Alikuwa akihesabu ndoo kwa kilugha chake cha bara, sisi watoto tukimwigiza." Akaigiza, kwa sauti nyembamba ya kike, moja mpaka nne. Jikoni mwiko ulisimama. Kisha sauti ya Bi Salima ikaendelea ilipoachwa, tano mpaka kumi, kwa Kikaguru cha kwao, polepole, kama mtu anayehesabu kuku wakiingia bandani. Mzee akacheka. "Wamsikia? Ndivyo hasa. Na akiulizwa kwao wapi, husema Mamboya. Nilipopangiwa kazi Kilosa nikasikia jina hilo, nilicheka peke yangu kwenye behewa."

Bi Salima alikuja akasimama mlangoni, mikono ina unga. Hakuwa akicheka. "Hukuniambia," alisema.

"Nikwambie nini?"

"Miaka ishirini na mbili, hukuniambia."

Akatueleza, amesimama hapohapo. Bibi yake mzaa mama alikuwa na dada, Mwendi. Msafara ulipiga kambi chini ya mlima, Mwendi akatumwa kupeleka mahindi ya kuuza kambini, akiwa na umri wa kuvunja ungo. Asubuhi kambi haikuwepo, na yeye hakuwepo. Bibi yake aliendelea kuacha sehemu yake ya chakula kwenye chungu hadi alipokuwa mzee. "Mwandike," alisema Bi Salima. "Hapo kisimani. Kwamba Mwendi wa Mamboya alichota maji hapa."

"Utajuaje kama ndiye yeye?"

"Kama siye, ni wa kwetu vilevile."

Mzee alifuta uso kwa kitambaa. Hakuwa mtu mbaya, na nalisema hili kwa kuwa ningependa awe mbaya. "Salima," alisema, "hii ni historia ya mji. Nikianza na wa jikoni, daftari halitatosha. Mwachie Karani amalizie kisima." Nami nikamalizia kisima. Niliandika kwamba maji yake yalikuwa matamu kuliko ya visima vyote vinne.

Kesho yake alasiri, vidole vya Mzee vilitembea kutoka forodhani, vikapita msikitini, vikafika kwenye kifuniko cha kisima cha pili, vikasimama. Palikuwa na kitu kimewekwa kando yake. Akakiokota, akakizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Hii nini?"

"Punje ya mahindi," sauti ikatoka jikoni.

"Mahindi yamefikaje mjini?"

"Yalibebwa."

Mzee aliifumbata mkononi. Halafu akairusha ile punje uani, na kuku akaikimbilia. "Andika, Karani," akasema, "nyumba ya tatu kutoka kisimani."

Siku hiyo jioni, Mzee alipokwenda msikitini, Bi Salima aliniita jikoni. Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Alinipa ukoko wa wali, ule wa chini ya sufuria uliokauka vizuri, ambao katika nyumba ile ulikuwa wa Mzee peke yake. "Mwanangu," alisema, "yeye haoni. Mimi sijui kusoma. Mwenye kujua kilichomo ni wewe tu." Nikasema ndivyo. "Basi mwandike. Maneno machache tu, hayakuchoshi. Na ukimsomea, ruka." Nilimwambia nitamwandika. Sikusema kwa kutaka anyamaze. Wakati ule, nikiwa na ukoko mdomoni, nilikusudia kabisa.

Sikumwandika. Nilifungua daftari mara tatu nikiwa peke yangu, kalamu mkononi. Nafasi ilikuwepo pembeni, hata mstari mzima chini ya yale maji matamu. Nimejaribu kujieleza kwa namna nyingi. Ya kweli ni hii: Mzee alikuwa ameniahidi kwamba kazi ikiisha tutapanda treni pamoja, kisha chombo, hadi kisiwani, anitembeze kila nyumba na kunitambulisha, huyu ndiye karani wangu. Niliwaona wazee wa kule wamekaa barazani, mmoja anasoma kwa sauti, anafika kisimani, anasoma Mwendi wa Mamboya, na Mzee anageuza uso kunitafuta. Niliogopa kuikosa safari. Na kulikuwa na jambo jingine dogo zaidi na la aibu zaidi. Ukurasa ule nilikuwa nimeuandika vizuri, bila kufuta hata mahali pamoja, na sikutaka kuuchafua.

Bi Salima alipouliza, "Umemwandika?" nikasema nimemwandika. Akaniomba nimwonyeshe. Nikafunua daftari popote kidole kilipoangukia, na ulikuwa ukurasa wa milango ya msikiti wa Ijumaa, nani aliichonga na ilipita wapi. Nikaweka kidole kwenye mstari. "Hapa." Alitazama kwa muda, midomo ikicheza. Alikuwa anapika mchuzi wa manjano, na kabla sijaelewa alikuwa ameshakandamiza kidole gumba pembeni mwa ukurasa. "Nipajue," alisema. Tangu siku hiyo, kila Mzee aliponiambia nimsomee tulikotoka, nilifika kwenye kisima cha pili nikasikia jiko limenyamaza, halafu, nikishafunua ukurasa mwingine, nasikia pumzi inatoka na mwiko unaanza tena. Alidhani naruka. Ukoko niliendelea kupewa hadi mwaka ule unakwisha. Niliula wote.

Safari haikuwepo. Mzee alianza kukohoa wakati wa mvua za vuli, na siku moja alinyoosha mkono kugusa ufuo akaukosa, akapapasa mkekani akiangusha vikombe, akasema mji umesogea. Baada ya hapo hakukaa tena mkekani. Sikungoja mwisho wake. Lori lilikuwa linakwenda Iringa, nikapanda, na sikuaga jikoni. Kisiwani nilifika baadaye sana, peke yangu, nikiwa mtu mzima. Forodha ilikuwa kuta tatu na mbuzi. Nilikwenda moja kwa moja hadi kisima cha pili bila kumuuliza mtu, na watu waliokaa hapo walistaajabu mgeni amejuaje njia. Kilikuwa kimejaa makopo. Nikawauliza kama wamewahi kumsikia Marashi. Kijana mmoja akaniambia marashi yapo, duka la kona. Niliondoka na chombo kilekile kilichonileta.

Arobaini ilisomwa uani, turubai limefungwa kutoka ukutani hadi kwenye nguzo ya umeme. Ilipoisha dua, kabla ya chakula, waliniketisha kwenye kiti. Ndugu wa Bi Salima kutoka Mamboya walikuwepo, wazee wawili na kina mama wengi, na kwa mazungumzo yao nilijua mambo ambayo sikuwahi kuyajua. Mzee alipofariki, jamaa zake walikuja kutoka pwani kulichukua daftari, wakasema ni mali ya mji wao. Bi Salima alikataa. "Alilikalia kama kuku," alisema mzee mmoja. "Wakamwambia, basi na nyumba si yako. Akawapa chumba cha mbele na ua wa kulia, daftari akabaki nalo." Mwingine akaongeza kwamba wakati wa mafuriko aliliokoa kwanza, cherehani baadaye. Wakati mwingine alikuwa akilifungua peke yake, anatafuta ile alama ya manjano, anaweka kidole gumba juu yake, kisha analifunga. Walinisimulia hayo kwa kuniheshimu. Walidhani wananipa zawadi.

Rehema alitoka ndani na kitu kimefungwa kwa kanga. Ni mwalimu wa shule ya msingi huko Msowero, sauti yake imezoea darasa. "Sijalisoma, babu," alisema. "Bibi alisema lisisomwe mpaka uje." Akaniwekea magotini, limefunuliwa vilevile alivyolishika yeye. Nilisikia harufu ya karatasi kuukuu na nikajua ni ukurasa upi, lakini kilichokuwa mbele yangu kilikuwa weupe wenye vivuli. Watu wakanyamaza. Ningeweza kusema ukweli wakati ule. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka kilikuwa sauti ya miaka kumi na tisa, ile ya kusomea, na nikawasomea. "Na katika kisima cha pili, karibu na nyumba ya mawe, alikuwepo Mwendi, binti wa Mamboya, aliyechukuliwa na msafara akipeleka mahindi. Alichota maji hapa. Alihesabu ndoo kwa lugha ya kwao hadi uzeeni, na watoto wa mji walijifunza kwake kuhesabu."

Nilipofika kwenye ndoo nilihisi mikono ya Rehema. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Alilishika daftari pande mbili, akaligeuza taratibu, upande uliokuwa juu ukawa chini, akaniachia. Nikaendelea mpaka mwisho. Kina mama walikuwa wanalia, mzee wa Mamboya alisema alhamdulillahi ingawa yeye ni mtu wa kanisa, na mtu mmoja akaniletea maji.

Chakula kilipokuwa kinapakuliwa, Rehema alivuta kigoda akakaa karibu yangu. Ungeweza kudhani ananiuliza habari za Mikumi.

"Hapa pameandikwa milango ya msikiti, babu."

"Najua."

"Kuna ukurasa mwingine?"

"Hakuna."

Ndani watu waligombea kijiko kikubwa. "Bibi alitoa nusu ya nyumba kwa ajili ya hili," alisema. Nilisikia anafungua pochi, kalamu ikabonyezwa, daftari likafunuliwa magotini pake. "Basi sema," akasema. "Taratibu, niandike. Yale yale uliyowasomea."

Nikasema. Niliyasema pungufu, kwa kuwa ya kuongeza yalikuwa yamenikauka: Mwendi wa Mamboya, alichota maji hapa. Kalamu ilifuata nyuma yangu, na nilipomaliza sikuisikia ikisimama. Iliendelea kukwaruza maneno yasiyo yangu, ikafika mwisho wa mstari, ikarudi, ikaanza mwingine, na mwingine, ukurasa ukafunuliwa. Nilikaa nimeikunja mikono, uso nimeuelekeza kwake. Aliandika mpaka sahani yangu ililetwa na wali ukapoa. Sikumwomba anisomee.